Fumba Macho Nusu

Simama Usa River asubuhi isiyo na mawingu: Meru iko kushoto, Kilimanjaro iko mbele. Sasa fumba macho nusu. Majani yanapotea, mabati yanapotea, yanabaki mapande ya bluu na kijani. Sanaa dhahania huanzia hapo, kwenye kupunguza. Wapo wanaopunguza hadi mlima wenyewe ukatoweka, ikabaki rangi tu.

Mchoraji Sam Joseph Ntiro hakufika huko, wala sitamsingizia. Ila kwa mtu wa Arusha sijui mlango wa kuingilia sanaa hiyo ulio karibu zaidi. Alizaliwa mwaka 1923 Machame, kwenye ubavu wa Kilimanjaro unaotazama huku kwetu. Alisoma Chuo cha Makerere, Uganda, kwa Margaret Trowell, Mwingereza aliyekuwa akiwasimulia wanafunzi tukio kisha akawaacha walichore walivyoliona kichwani. Ntiro akawa mwalimu palepale. Miaka ya 1950 alikwenda kusoma shule ya sanaa ya Slade, London, akarudi na mkono uleule. Kuna waliodhani hakujifunza kitu. Mimi naona alijua cha kukataa.

Katika kazi zake watu ni wadogo, nyuso hazitambuliki, migomba inajirudia kama nakshi ya kitenge. Kwa nini? Kwa sababu anachora kuvuna, kujenga, kwenda sokoni, shughuli ambazo mtu mmoja hazimalizi. Ukimpa kila mvunaji pua yake, umeanza kuchora picha za watu, na mavuno yamekuponyoka. Mchoro wake wa 1956, wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, uko Museum of Modern Art, New York. Linganisha na twiga wa maduka yetu ya watalii: kila doa limechorwa, na bado hana aendako.

Baada ya Uhuru alikuwa Balozi wetu Uingereza hadi 1964, kisha akarudi kwenye utamaduni na ualimu, safari hii Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako Elias Jengo, mchoraji mwingine wa Makerere, naye alifundisha. Ntiro alifariki mwaka 1993.

Mwenye mtoto huku kwetu, Poli au Akheri, ajaribu njia ya Trowell. Asimpe picha ya kunakili. Amsimulie mbege, ile pombe ya ndizi, ikipelekwa harusini gizani, migomba ikiwagusa wabebaji mabegani, kisha ampe rangi na aondoke chumbani.