Lenzi Utosini

Katika Mji wa Kale wa Mombasa, wa kwanza kujua kwamba mwanamke ananyonyoka nywele aghalabu ni msusi. Njiani kuna buibui na mtandio; ni ndani tu, mafuta ya nazi yakishapakwa na chanuo likishapita, ndipo nywele za kipaji zinapoonekana zimerudi nyuma. Lawama hutupiwa mtandio, eti unazinyima nywele hewa. Si kweli. Unywele unaouona hauna uhai, na shina lake hulishwa na damu. Kinachodhuru ni kuvutwa: rasta nzito, nywele za bandia zilizoshonwa kwa kukazwa, fundo linalobanwa kila siku chini ya kitambaa. Uchunguzi uliochapishwa 2007 huko Cape Town ulikuta karibu theluthi ya wanawake wazima wana upara wa kuvutwa.

Daktari wa ngozi haanzi kwa kukata kipande cha ngozi. Hushika fungu la nywele 50 hivi, akavuta taratibu, aone ngapi zinambakia mkononi. Kisha huweka dematoskopu, lenzi yenye taa inayokuza mara kumi na kutosha mfukoni. Hasa anatafuta vitundu vya nywele. Vikiwapo, tumaini lipo. Ngozi ikiwa laini, inang'aa, bila vitundu, kovu limeshatanda, na hapo si habasoda wala nazi itakayorudisha kitu. Akiona vijimrija vyeupe vimezunguka nywele karibu na shina, rasta bado zinavuta. Nywele fupi zilizosinyaa shinani humwonyesha kinga ya mwili inayoshambulia nywele za mwili wenyewe.

Lakini vitabu vingi viliandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi, vidoti vyeupe vilivyopangika sawasawa ni matundu ya jasho na nywele tu. Asiyezoea atadhani ni makovu. Ndiyo faida ya wataalamu kufundishwa huku kwetu, kama kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha Moshi, Tanzania, kifanyavyo tangu 1992. Cha kuogopa ni duara la kijivu-jeupe kuzunguka unywele utosini, dalili ya upara wa kovu unaoanza katikati na kutanuka. Zamani mgonjwa alilaumiwa kwa kitana chake cha moto. Mwaka 2019 watafiti walionyesha kwamba kwa baadhi ya wanawake jeni iitwayo PADI3 ina kasoro. Kwa upara huo, kipande cha ngozi cha milimita 4 huenda bado kikakatwa, ila lenzi ndiyo humwonyesha daktari pa kukata.

Anayekwenda kuchunguzwa afumue kwanza, wala asipake piko siku hizo: madoa yake ngozini humchanganya daktari.