Usilipie Laptopu Kabla Linux Haijawaka

Anayetaka kuiweka Linux kwenye kompyuta ya nyumbani huanza kwa kuuliza toleo lipi ni zuri: Ubuntu, Debian, Mint au Fedora? Mabishano ya jambo hilo hayaishi, na kwa mnunuzi wa Ngamiani, Tanga, yana faida ndogo. Matoleo yote hayo yamesimama juu ya kiini kimoja, kile alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 1991 alipokuwa mwanafunzi Helsinki, na asiyelipenda moja hulifuta akaweka jingine siku hiyohiyo. Kisichofutika ni mashine yenyewe. Kadi ya waifai, chipu ya picha na chipu ya sauti vikishalipiwa dukani vimelipiwa, na hivyo ndivyo vitakavyoamua kama kompyuta itatumika au itaishia kabatini. Kwa mkazi wa Tanga mwenye fedha za kawaida, laptopu ya maofisini iliyotumika miaka kadhaa kisha ikaja mtumba inaifaa Linux kuliko laptopu mpya ya bei rahisi. Bei ni sababu mojawapo tu, tena si ile kubwa.

Sababu kubwa iko kwenye draiva, yaani programu ndogo inayokiwezesha kiini cha mfumo kukitumia kifaa fulani. Kwa Windows, mtengenezaji wa kifaa huiandika mwenyewe, kwa kuwa bila hiyo hauzi. Kwa Linux inategemea moyo wake. Intel huandika draiva za chipu zake za picha na za waifai na kuzitia ndani ya kiini, wazi kwa kila mtu. AMD nayo iliingiza draiva yake mpya ya picha ndani ya kiini mwaka 2015. Nvidia ilificha mambo yake kwa muda mrefu, hata Torvalds akasema hadharani mwaka 2012 kwamba hiyo ndiyo kampuni mbaya kuliko zote walizowahi kushughulika nazo. Sehemu ya draiva yake inayofanya kazi ndani ya kiini ilifunguliwa Mei 2022, nayo kwa kadi za miaka ya karibuni tu. Ugomvi huu ni wa zamani kuliko Linux yenyewe. Richard Stallman, aliyetangaza mradi wa programu huria wa GNU mwaka 1983, amekuwa akieleza kwamba printa ya Xerox iliyokuwa chuo cha MIT, ambayo programu yake alinyimwa asiweze kuirekebisha, ni moja ya mambo yaliyomsukuma. Pale mtengenezaji anapoficha, watu wa kujitolea hulazimika kukichunguza kifaa na kubahatisha namna kinavyofanya kazi, na kazi hiyo huchukua miaka. Ndiyo maana umri wa mashine, ambao kwa mnunuzi wa kawaida ni ila, kwa mtumiaji wa Linux ni sifa: chipu iliyokaa sokoni miaka mitano kwa kawaida imeshapata draiva, makosa yake yameshaonekana na kurekebishwa.

Sasa tazama mitumba inayouzwa. ThinkPad T460, HP EliteBook 840 G3 na Dell Latitude E7470 zote ni mashine za mwaka 2016 hivi, zenye prosesa za Intel za kizazi cha sita. Zilitengenezwa kwa ajili ya makampuni na mashirika, na makampuni hayo huzibadilisha kwa mkupuo. Kwa kawaida picha zake ni za Intel na waifai yake ni ya Intel, kwa hiyo Linux huzitambua bila kuombwa. Ramu inaongezeka, diski inatoka kwa bisibisi, na kibodi ikifa inabadilishwa, kama baiskeli ya Tanga ambayo spea zake hazikosekani. Windows 11 imezikataa rasmi, kwa sababu inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane, kilichotoka mwaka 2017. Windows 10 nayo iliacha kupata matengenezo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kundi zima la mashine nzima, zenye nguvu ya kutosha kwa kazi za nyumbani, limebaki bila mfumo wa Microsoft unaolindwa kwa utaratibu wa kawaida. Kasoro hazikosekani: kisoma alama za vidole katika baadhi ya mashine hizi hakijawahi kukubali vizuri. Kwa kompyuta ya kuandikia, kusomea na kupigia hesabu, hilo halimnyimi mtu usingizi.

Laptopu mpya ya bei rahisi ina mambo mengine. Mara nyingi ramu ya GB 4 imechomelewa kwenye mazabodi, na hifadhi yake ni kipande kidogo kisichobadilishwa. Baya zaidi ni vijichipu vya bei ya chini ambavyo hakuna aliyejisumbua kuviandikia draiva. Mfano maarufu ni vilaptopu na tableti za miaka ya 2014 na 2015 zilizotumia prosesa za Intel Atom za familia ya Bay Trail. Prosesa ilikuwa ya biti 64, lakini programu ya kuwashia mashine ilikuwa ya biti 32, kwa hiyo flashi za Linux za kawaida hazikuwaka kabisa. Waliofanikiwa kuziwasha wengi walikuta sauti haitoki. Jina la Intel halikuwasaidia kitu. Nalisema hili kwa sababu sifa niliyoitoa juu inaweza kueleweka vibaya, kana kwamba kibandiko cha kampuni kinatosha. Wala uzee usivushwe mpaka: Ubuntu iliacha kutoa diski za biti 32 za kompyuta za mezani mwaka 2017, na Debian 13 ya Agosti 2025 nayo haina tena kisakinishi cha mashine hizo.

Kuna hoja kwamba waifai isipokubali mtu atanunua kidude cha USB. Hoja ina ukweli nusu. TP-Link iliuza kidude kiitwacho TL-WN722N ambacho toleo lake la kwanza lilikuwa na chipu ya Atheros, kipenzi cha watu wa Linux. Toleo la pili likaja na chipu ya Realtek isiyokuwa na draiva ya uhakika kwa wakati ule, huku jina likibaki lilelile na tofauti ikiandikwa kwa herufi ndogo. Mtu alisoma sifa za toleo moja akanunua jingine. Halafu kuna mzunguko wa kuudhi: draiva ya waifai iko kwenye intaneti, na intaneti haipatikani bila waifai. Debian ilipunguza tatizo hilo Juni 2023, toleo la 12 lilipoanza kuja na programu za ndani za vifaa ambazo zamani zilitengwa kwa sababu si huria. Na Ngamiani, ambako intaneti ya nyumba nyingi ni bando la simu, njia ya kujinasua ipo mfukoni: simu ya Android ikiunganishwa kwa waya na kuruhusiwa kugawa intaneti kwa USB, Linux huipokea papo hapo.

Pingamizi zito zaidi ni la fundi. Mafundi wengi wanaijua Windows, wanaiweka kwa bei ndogo bila leseni, na kompyuta ikigoma wapo karibu. Mwenye Linux atamwendea nani? Ni kweli, na hakuna haja ya kulipamba. Lakini pingamizi hilo linaongeza uzito wa kuchagua mashine kwa makini. Mwenye fundi jirani anaweza kuvumilia kifaa chenye matatizo. Asiye naye anahitaji mashine isiyomdai fundi wa mfumo, na matatizo yanayobaki baada ya hapo, kama chaja, betri, feni iliyojaa vumbi, au kutu ya hewa ya bahari, fundi yeyote anayamudu bila kujali mfumo uliomo. Lugha pia isitajwe kuwa kizuizi kikubwa: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004 kilishiriki kutoa kwa Kiswahili programu za ofisi za OpenOffice, zilizoitwa Jambo OpenOffice.

Printa ndizo zinazostahili mashaka ya kweli, hasa kwa anayefikiria kufungua steshenari kidogo barazani. Canon LBP2900, iliyoenea sana, inatumia lugha yake ya siri iitwayo CAPT, na kuikubalisha ni mateso. HP nyingi hukubali, ila LaserJet ndogo kama P1102 hudai kipande cha ziada cha kupakua kabla ya kuchapa ukurasa wa kwanza. Printa yenye alama ya AirPrint ya Apple, watengenezaji wa Mac, ni salama zaidi, kwani Linux na Mac hutumia mfumo mmoja wa kuchapia, CUPS.

Dukani, nenda na flashi ya GB 8 yenye Linux tayari. Washa mashine ukibonyeza F12 kwa ThinkPad na Dell, F9 kwa HP, na uiendeshe kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Ikikuomba neno la siri la BIOS (programu ya kuwashia mashine) ambalo muuzaji halijui, iache. Huenda ni kufuli la ofisi ilikotoka. Ikiwaka, unganisha waifai kwa simu yako, cheza wimbo, fungua kamera, kisha funga kifuniko, subiri, na kukifungua tena, kwa maana kulala na kuamka ndiko kunakoshinda mashine nyingi. Anayetaka mfumo mwingine huria kama FreeBSD au OpenBSD badala ya Linux awe mkali maradufu, maana draiva zake ni chache zaidi na OpenBSD haina kabisa draiva ya Nvidia ya maana. Kuna wauzaji watakaokataa flashi kwa hofu ya virusi au ya kupoteza Windows iliyomo. Mweleze kwamba diski haiguswi, mwache asimame pembeni aone. Akishikilia kukataa, barabara za Ngamiani zina namba nyingi na maduka ya kompyuta hayako kwenye moja.