Aliyepoteza kazi hajapoteza riziki

Leo tumekusudia kulizungumza jambo linaloingia katika nyumba nyingi kimya kimya, nalo ni mtu kuachishwa kazi. Tunasema kimya kimya kwa sababu msiba wa kifo una watu wake: hutandikwa mikeka, hupikwa, husomwa dua, na majirani hushinda na wafiwa. Aliyepoteza kazi hatandikiwi mkeka. Hurudi nyumbani na barua ndani ya bahasha, akaificha chini ya godoro, na kesho yake asubuhi akavaa shati lile lile la kazini na kutoka, hali ya kuwa hana pa kwenda.

Wapo wanaofanya hivyo kwa wiki moja, na wapo wanaofanya kwa miezi, wakishinda chini ya miembe au katika vibanda vya kahawa hadi saa ya kutoka kazini ifike. Mke huja kuzipata habari dukani, siku mwenye duka atakapokataa kuandika deni jipya katika daftari. Hapo nyumba huwa na misiba miwili, wa kazi na wa kutoaminiana, na kwa tuyaonayo sisi katika mashauri ya ndoa, huu wa pili ndio mgumu kutibika.

Watu wa Mpanda hawana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano, kwani mji wao wenyewe uliwahi kuachishwa kazi. Mji huu ulikuzwa na madini ya risasi ya Mukwamba, yaliyokuwa yakichimbwa na kampuni ya Uruwira Minerals. Kwa ajili ya risasi hiyo serikali ya kikoloni ilijenga tawi la reli kutoka Kaliua, mwendo wa kilomita 210 hivi kupita katika misitu ya miombo na bonde la mto Ugalla, likafika Mpanda mwaka 1950. Mwaka 1960, hata Uhuru haujapatikana, mgodi ukafungwa. Aliyekuwa akiendesha mitambo, aliyekuwa akibeba mawe, na mwenye duka aliyekuwa akiwakopesha wote hao hadi mwisho wa mwezi, bila shaka pigo lao lilikuwa moja.

Lakini kampuni ilipoondoka haikuikunja reli ikaondoka nayo. Reli ilibaki, na ardhi ilibaki, na watu waliokwisha kuzoea kuishi mahali hapo walibaki. Mji ukaendelea kwa mahindi, mpunga, tumbaku, mbao na asali. Mwaka 1972 wakaja ndugu waliokimbia mauaji ya Burundi, watu waliopoteza zaidi ya kazi, wakapewa makazi Katumba, na baadaye wengine Mishamo, wakafyeka mapori na kulima, na wengi miongoni mwao wakapata vyeti vya uraia wa Tanzania mwaka 2014. Mwaka 2012 ukazaliwa Mkoa wa Katavi, na Mpanda ikawa makao makuu yake. Hatusemi kwamba haya yalikuja kwa wepesi, kwani kutoka mwaka 1960 hadi mwaka 2012 ni miaka 52, na wengi waliofungiwa mgodi hawakuishi kuyaona. Tunachosema ni kwamba aliyepoteza kazi asiianze hesabu yake kwa kilichoondoka. Aianze kwa kilichobaki.

Je, kinabaki nini? Tumtazame Nabii Musa (A.S.) katika Suratul Qasas. Aliingia Madyan akiwa mkimbizi, hana nyumba, hana kazi, hana jamaa, na nyuma yake ameacha jumba la Firauni alimolelewa. Jambo la kwanza alilolifanya hapo kisimani ni kuwanyweshea mifugo mabinti wawili waliokuwa wakingoja wachungaji wamalize, tena bila ujira. Kisha akaenda kivulini, akamweleza Mola wake kwamba yeye ni mhitaji wa kheri yoyote atakayomteremshia. Haukupita muda akaitwa, na binti mmoja akamshauri baba yake amwajiri kwa sababu mbili tu, nguvu na uaminifu. Mkataba ukafungwa wa miaka minane, na kama atapenda mwenyewe, kumi. Basi tuzingatie: hakuna aliyemuuliza Musa alikuwa na cheo gani Misri. Nguvu zake na uaminifu wake ndizo zilizobaki, na zilionekana kwa sababu hakujificha. Lau angejifungia ndani akiona haya, nani angemwona akinyanyua ndoo?

Tukirudi kwa mwenye barua chini ya godoro, tunamwambia: usiku huu huu mwambie mkeo. Mwambie kiasi cha fedha kilichopo, madeni yaliyopo, na mwezi ambao fedha itakwisha. Na wewe mama, usiipokee habari hiyo kwa kumkumbusha mishahara ya waume wa wenzako. Sheria yetu inasema mali ya mke ni yake, na matumizi ya nyumba ni juu ya mume, hatulibadilishi hilo. Lakini Zaynab, mke wa Abdullah bin Masud (R.A.), alikuwa na mali yake na mumewe alikuwa mhitaji, akapeleka swali kwa Mtume (S.A.W.) kama inafaa sadaka yake aitoe kwa mumewe na mayatima anaowalea. Akajibiwa kuwa inafaa, na kwamba ana ujira mara mbili, wa ujamaa na wa sadaka. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Mama anayekaanga maandazi na kuwauzia abiria wa treni, huku mumewe akitafuta pa kushika, hajamvunjia mumewe heshima. Amemsitiri. Na mume naye asiichukue fedha hiyo kana kwamba ni haki yake aliyocheleweshewa.

Watoto nao waambiwe kwa kadiri ya umri wao. Mtoto wa miaka kumi anajua kuwa nyama imetoweka mezani. Akikosa maelezo atajitungia yake.

Jambo jingine ambalo Waislamu wengi hulipuuza kwa kudhani ni ukosefu wa tawakkul, ni kudai haki. Kumtegemea Mwenyezi Mungu hakumzuii mtu kuisoma barua yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri atoe notisi isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, au alipe badala yake. Aliyetumikia mwaka mmoja au zaidi ana kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10, isipokuwa aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu. Anayeona ameachishwa kwa dhuluma ana siku 30 tu za kupeleka lalamiko kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Siku thelathini! Na tumeona watu wakizimaliza zote wakisubiri hasira ipoe. Tena, kwa utaratibu uliowekwa na sheria ya hifadhi ya jamii ya mwaka 2018, mwanachama aliyechangia kwa miezi 18 au zaidi, na ambaye hakuacha kazi kwa hiari yake, ana fao la kukosa ajira, kiasi cha theluthi moja ya mshahara kwa miezi sita. Si fedha nyingi, lakini ni unga wa miezi sita.

Sasa, fedha hizo zikifika, ndipo mtihani mkubwa unapoanza. Imepokewa na Abu Dawud kutoka kwa Anas (R.A.), ingawa wanachuoni wa hadithi wameizungumzia sanadi yake, kwamba mtu mmoja katika Ansari alimwendea Mtume (S.A.W.) akiomba. Akaulizwa nyumbani kwake kuna nini. Akasema kuna nguo nzito ambayo nusu wanajifunika na nusu wanaitandika, na bakuli la kunywea maji. Vitu vile vikanadiwa, vikauzwa dirhamu mbili. Mtume akamwamuru dirhamu moja anunulie chakula awapelekee watu wake, na ya pili anunulie shoka. Shoka lilipoletwa, alilitia mpini kwa mkono wake mwenyewe, akamtuma akatafute kuni na asimwone kwa siku kumi na tano. Mtu yule akarudi na dirhamu kumi.

Kwa maoni yetu mpango huu wa matumizi haujapitwa na wakati. Chakula kwanza, wala si chakula pekee. Na shoka, yaani chombo cha kazi ambayo mtu anaiweza. Aliyekuwa dereva asikimbilie biashara ya nguo kwa sababu shemeji yake amefanikiwa nayo. Aliyekuwa karani wa chama cha tumbaku anajua mizani, hesabu na majina ya wakulima, na elimu hiyo inamfaa mnunuzi wa mpunga wa Mpimbwe au wa asali ya Inyonga kama ilivyomfaa mwajiri wake wa kwanza. Abdurrahman bin Auf (R.A.) alipofika Madina mikono mitupu na kuahidiwa nusu ya mali ya ndugu yake, aliomba aonyeshwe soko, akaanza na jibini na samli. Hakuanza na ghala.

Kwetu Katavi lipo shimo moja linalomeza viinua mgongo, nalo ni shimo kwa maana yake halisi. Mtu hupokea fedha yake, wiki hiyo hiyo akaja rafiki na habari za dhahabu, kwamba duara limekaribia mwamba, linahitaji mfadhili wa magogo na chakula cha vijana. Hatuiharamishi kazi ya uchimbaji, kwani ni riziki ya halali na wengi wanailisha nyumba kwayo. Lakini fedha ambayo ni unga wa watoto haiendi kwenye shimo usilolijua, kwa mkataba wa mdomo, na watu usioweza kuwapata wakihama usiku. Anayetaka kulifadhili duara afadhili kwa fedha ambayo ikipotea nyumba haitatikisika.

Na madeni? Mfuate anayekudai kabla siku haijafika. Qur'ani katika Suratul Baqara imemwamuru mwenye kudai ampe muda aliye katika dhiki, lakini atajuaje dhiki ya mtu aliyezima simu?

Tusisahau wale walioondolewa kazini kwa makosa yao. Tarehe 28 Aprili 2017 ilitangazwa pale Dodoma orodha ya watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na hakuna mkoa ambao haukutikisika. Wapo waliofundisha kwa miaka ishirini. Kwa mtu kama huyu njia inaanzia mahali pengine: toba, na kuacha kusimulia kila barazani kwamba alionewa. Hata hivyo toba ikishakuwa, naye ana watoto wa kulisha na mikono ya kufanyia kazi, na wala si juu yetu kumkumbusha orodha kila anapopita msikitini.

Neno letu la mwisho ni kwa kamati za misikiti na matajiri wetu. Aliyepoteza kazi mara nyingi hupewa kilo mbili za sukari mwezi wa Ramadhani, kisha akaachwa hadi Ramadhani nyingine. Imamu Nawawi (R.A.), ambaye madhehebu yetu ya Shafii yanamtegemea, ameeleza katika Al-Majmuu kwamba fakiri mwenye ufundi hupewa katika zaka kiasi cha kununulia vyombo vya ufundi wake, na mfanyabiashara hupewa mtaji unaolingana na biashara aijuayo. Basi cherehani moja, au seti ya vyombo vya fundi seremala, au baiskeli ya kubebea samaki, inaweza kutoka katika zaka ya watu watatu wa msikiti mmoja. Kamati iandike majina ya walioachishwa kazi mtaani, kwa siri, na mbele ya kila jina iandike kazi ambayo mtu huyo anaiweza, kisha zaka ya mwaka huu ikitolewa, daftari hilo lifunguliwe kwanza.