Wababe wa anga ya Oktoba na Novemba

Kwa kuvuka bahari, taji anavaa kipanga wa Amur, ndege wa gramu 150 hivi. Anazaliana Siberia na kaskazini ya China, kisha anaikata Bahari ya Hindi kutoka India hadi Afrika Mashariki, zaidi ya kilomita 3,000 bila pa kutua. Hakuna ndege mwindaji mwingine anayevuka maji mapana kiasi hicho kila mwaka. Inadhaniwa anajilisha kwa kerengende, ambao nao huvuka majira hayohayo wakibebwa na upepo uleule.

Tai hathubutu. Mwili wake mzito huinuliwa na hewa ya joto inayopanda kutoka ardhini, na baharini hewa hiyo ni haba, basi hutafuta pa kuvukia palipo pembamba. Ndiyo maana rekodi za wingi ni za sehemu finyu. Veracruz, Mexico, hupitisha mamilioni ya ndege wawindaji kwa msimu, ya kwanza duniani. Kwa upande wetu ni mlango wa bahari wa Bab-el-Mandeb: mwaka 1987 waliohesabiwa wakiingia Djibouti walizidi 240,000.

Kwa ratiba ya ujanja, mimi nampa kura kipanga wa kijivu wa visiwa vidogo vya Oman, kama Fahal na Daymaniyat, jirani na Muscat. Ndege wengine wakikimbia joto, yeye ndio kwanza anataga, Julai na Agosti, ili makinda wake wakue wakati ndege wadogo wanapita kwenda Afrika. Karamu ikiisha naye huyo, Madagascar. Mmoja aliyefungwa kifaa cha setilaiti Abu Dhabi mwaka 2008 alimaliza kilomita 6,700 kwa siku 13.

Kimo cha juu kabisa ni cha tumbusi wa Rüppell, ingawa alikilipia kwa roho: Novemba 1973 alinaswa na injini ya ndege ya abiria juu ya Abidjan, mita 11,300 angani.

Na kwetu Kitahana, Kigoma, je? Buha, nchi ya Waha, haina bahari ya kuwabana wasafiri, kwa hiyo hupita wametawanyika, na hesabu ya kutangaza haipatikani. Ila kwa mlo wa kushangaza tunashindana. Tai mdogo wa madoa, anayetoka Ulaya Mashariki kwenda Zambia na Zimbabwe kupitia magharibi ya Tanzania, akikuta mvua za kwanza zimeanguka hushuka chini na kutembea kwa miguu akidonoa kumbikumbi, mmoja baada ya mwingine, hadi ashibe.