Ala ya Bastola: Kukinga Kwanza, Kuficha Baadaye



Katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya kofia ngumu, viatu vyenye ncha ya chuma na kinga za mashini. Leo tutasema juu ya chombo ambacho hakitumiki mgodini: ala ya bastola, ni kusema mfuko ule unaofungwa kwenye mkaba wa suruali ili bastola ikae ndani yake.

Kwetu Congo raia hawezi kutembea na bastola bila ruhusa ya serikali. Lakini ndugu zetu wengi wamehamia Marekani, katika majimbo kama Texas, Kentucky na Iowa, na huko desturi ni nyingine. Hadi mwaka 2024 majimbo 29 ya nchi ile yalikuwa yakiruhusu mtu mzima asiye na kosa kuchukua bastola iliyofichwa chini ya nguo, bila kuomba kibali kwanza. Majimbo mengine yanadai kibali na mafundisho. Tena sheria ya serikali kuu inamkataza mgeni asiye na karatasi kushika silaha, na kwa kawaida hata yule mwenye viza ya muda tu. Kwa hiyo shauri la kwanza ni hili: ujue sheria ya jimbo unamokaa kabla ya kununua kitu chochote.

Shauri la pili ndilo habari yetu ya leo. Watu wengi hununua bastola kwa fedha nyingi, halafu wanatafuta ala ya bei ndogo kabisa. Wengine hawanunui ala hata kidogo. Wanafikiri ala ni kitu cha kuficha tu. Hapo ndipo ajali inapoanza.

KAZI YA ALA NI NINI?

Tazama kwanza jinsi bastola za siku hizi zinavyofanya kazi. Mwaka 1982 jeshi la Austria lilichagua bastola Glock 17. Bastola hiyo haina kile kifungo cha pembeni ambacho mtu hukisukuma kwa kidole gumba ili kuizuia. Vizuizi vyake vinajifungua vyenyewe kifyatulio kinapovutwa. Kifyatulio ni ule ulimi mdogo wa kuvutwa na kidole. Safari yake ni fupi, kama milimita 12 hivi, na nguvu inayotakiwa ni karibu kilo 2 na nusu. Bastola nyingi za kisasa zimefuata njia hiyo.

Faida yake ni kwamba bastola haifyatuki yenyewe ikianguka. Lakini ujue vema: kifyatulio hakina macho. Hakijui kama kinavutwa na kidole, na ufunguo, na kamba ya koti au na mkono wa mtoto. Kitu chochote kikikivuta sawasawa, risasi inatoka.

Basi ni nani atakayekikinga kutwa nzima, wakati mtu anapanda motokari, anainama, anabeba mzigo, anakaa mezani? Ni ala. Ala kwa bastola ni kama kifuniko cha chuma juu ya meno ya mashini. Kazi yake ni kukinga hata wakati mwenyewe anafikiri mambo mengine.

Mfano unajulikana na watu wote huko. Plaxico Burress alikuwa mchezaji maarufu wa futiboli ya Kimarekani katika timu ya New York Giants. Mwezi wa Februari 2008 alishika mpira ulioipa timu yake ushindi wa Super Bowl. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule aliingia katika nyumba ya dansi mjini New York na bastola Glock kiunoni mwa suruali, bila ala. Bastola ikateleza ndani ya suruali. Akataka kuidaka, na risasi ikapita katika paja lake mwenyewe. Kibali cha kuchukua bastola New York hakuwa nacho. Mwaka 2009 alihukumiwa miaka miwili ya kifungo. Afya, kazi na uhuru vilipata hasara kwa usiku mmoja tu.

MAMBO MANNE YA KUANGALIA

Ukitaka kuchagua ala, usianze kwa kuuliza bei wala uzuri. Angalia mambo haya manne, moja baada ya lingine. Ikikosa hata moja, uiache dukani.

1. Ifunike kifyatulio chote. Ala iwe imetengenezwa kwa namna ile ile ya bastola yako, siyo «ya kila bastola». Mahali pa kifyatulio pawe pagumu. Ingiza bastola isiyo na risasi, kisha bonyeza ala kwa nguvu kutoka nje, mahali pale pa kifyatulio. Ukiona kifyatulio kinasogea, ala hiyo haifai.

2. Ishike bastola. Geuza ala kichwa chini juu ya kitanda, bastola isiyo na risasi ikiwa ndani, na uitikise. Bastola ikianguka, ala haifai. Mwezi wa Juni 2018, mjini Denver, afisa mmoja wa FBI ambaye hakuwa kazini alikuwa akicheza dansi na bastola kiunoni. Akajirusha kinyumenyume na bastola ikaanguka chini. Akafanya haraka kuiokota, na wakati ule risasi ikatoka ikampiga mtu mguuni. Ona: ajali haikuja bastola ilipoanguka, ilikuja ilipookotwa kwa haraka. Bastola ikianguka, acha ilale chini kwanza. Kisha uichukue polepole, kidole kikiwa mbali na kifyatulio.

3. Ikae mahali pake. Ukivuta bastola, ala ibaki kwenye mkaba. Ala ikifuata bastola, utajikuta unashika vyote viwili mkononi na hujui mdomo wa mtutu unatazama wapi. Hapa mkaba una kazi kubwa. Glock 17 yenye risasi zote ina uzito wa karibu gramu 900. Mkaba laini utapinda, na bastola italala upande. Tafuta mkaba mgumu. Upana wa milimita 38 umezoeleka sana huko. Upime pia kama mikono ya ala inalingana na upana wa mkaba wako.

4. Mdomo wake ubaki wazi. Bastola ikitoka, mdomo wa ala usijifunge kama mfuko mtupu. Ukijifunga, mtu atautafuta kwa mkono wa pili ili aufungue, na mkono huo utapita mbele ya mtutu.

NGOZI, PLASTIKI AU KITAMBAA?

Ngozi ni ya zamani na ni nzuri. Haiumizi mwili, tena haipigi kelele. Lakini ngozi inazeeka. Jasho na miaka vinailainisha, na siku moja ukingo wake unaweza kukunjika ndani, mahali pa kifyatulio. Mtu akiisukuma bastola ndani, ule mkunjo unafanya kazi ya kidole. Ngozi ikilegea, usiishone tena. Itupe.

Plastiki ngumu iitwayo Kydex ilianza kutengenezwa Marekani mwaka 1965, kwa vitu vya ndani ya ndege. Fundi huipasha moto na kuifinyanga juu ya umbo la bastola. Haikunjiki, na jasho haliiharibu. Kasoro yake ni skrubu: zinalegea kidogo kidogo kwa kutembea. Zikague kila juma, kama unavyokagua bolti za chombo chako cha kazi.

Kitambaa cha nailoni ni cha bei ndogo. Mara nyingi hakina umbo, hakishiki bastola, na kifyatulio kinasikika kwa kidole kutoka nje. Ukikumbuka yale mambo manne, jibu unalo.

UTAIVAA WAPI?

Kwenye nyonga, upande wa mkono wa kazi. Ndipo mahali panapofaa watu wengi, hasa anayeanza. Ala ikikaa ndani ya suruali inafichika vizuri zaidi. Ikikaa nje inaleta raha zaidi, lakini itahitaji koti au shati refu.

Mbele ya tumbo. Watu wengi wanapapenda kwa sababu panaficha vema. Lakini wakati wa kukaa mtutu unatazama paja, na mshipa mkubwa wa damu unapita pale. Mtu akipigwa hapo anaweza kumaliza damu kwa dakika chache. Anayeanza asianzie hapo.

Mgongoni, katikati. Haifai. Ukianguka chali, unaangukia chuma kwa uti wa mgongo.

Kwapani. Ala nyingi za namna hii zinalaza bastola, na mtutu unatazama watu walio nyuma yako.

Mfukoni. Tu kama bastola iko ndani ya ala ya mfukoni, na mfuko huo hauna kitu kingine: wala funguo, wala fedha, wala kalamu.

Ndani ya mkoba wa mkononi. Hapa tuseme waziwazi: mkoba unaachwa juu ya kiti, ndani ya kigari cha dukani, karibu na watoto. Mwishoni mwa mwaka 2014, katika jimbo la Idaho, mtoto wa miaka miwili alitoa bastola katika mkoba wa mama yake, ndani ya duka kubwa, na kumwua. Mkoba ule ulitengenezwa na mahali pa kuwekea bastola. Mfuko wenye zipu hauzuii mkono wa mtoto. Ala inayokaa mwilini haisahauliki juu ya kiti.

NA MWILI WAKO?

Ala inayoumiza haitavaliwa. Mtu ataivaa siku mbili, na siku ya tatu ataiacha ndani ya motokari, mahali wezi wanapotafuta. Basi raha ya mwili nayo ni jambo la usalama.

Mkaba usikazwe kupita kiasi. Kando ya nyonga unapita mshipa wa fahamu unaokwenda kwenye ngozi ya paja. Ukibanwa siku nyingi, paja la upande wa nje linakufa ganzi au linawaka kama moto. Ukisikia hivyo, legeza mkaba, sogeza ala, na ganzi isipokwisha uende kwa daktari. Plastiki isiguse ngozi tupu: vaa fulana chini yake. Jasho linaleta vipele kwa mtu na kutu kwa chuma. Basi futa bastola na ala mara kwa mara, bastola ikiwa haina risasi.

SAA YA HATARI KUBWA

Wengi wanafikiri hatari iko wakati wa kutoa bastola. Hatari iko pia, na zaidi, wakati wa kuirudisha. Pindo la shati, kamba ya koti au kidole kilichosahauliwa kinaingia pamoja na bastola mpaka kwenye kifyatulio. Mtu anasukuma, anasikia kizuizi, anasukuma zaidi. Risasi inatoka ikitazama mguu wake.

Dawa yake ni rahisi. Hakuna mashindano ya kurudisha bastola. Simama. Inua nguo kwa mkono mwingine. Tazama ndani ya ala kwa macho yako. Kidole kinyooke kando ya bastola. Rudisha polepole, na ukisikia kitu kinazuia, simamisha, toa, utazame tena. Kila siku asubuhi njia iliyo bora ni kuingiza bastola ndani ya ala kwanza, kisha kufunga ala yote mwilini. Jioni vilevile: toa ala na bastola ikiwa ndani yake. Kifyatulio hakitaonekana hata mara moja.

Kabla ya kuvaa ala mpya nje, ivae nyumbani siku kadhaa na bastola tupu. Risasi zibaki katika chumba kingine. Keti, inama, panda ngazi, ingia motokarini, okota kitu chini. Kasoro zote zitajionyesha bila kumwumiza mtu.

Tena bastola ikivuliwa, isilale juu ya kabati wala chini ya mto. Ifungiwe katika sanduku la chuma lenye kufuli. Ala inakinga kifyatulio kwa nguo na kamba. Haikingi kwa mtoto mwenye mikono miwili na saa nzima ya kuchezea.

UKUMBUKE

Kifyatulio kifunikwe chote.
Bastola isianguke ukigeuza ala.
Ala isitoke kwenye mkaba.
Mdomo wa ala usijifunge.
Rudisha polepole, na kwa macho.
Ala iliyolegea itupwe.
Nyumbani, sanduku na kufuli.

Kuficha ni neno la mwisho. Bastola inayoonekana kidogo chini ya shati inaleta aibu, na katika majimbo mengine hata shauri na polisi. Bastola isiyokingwa inaleta kidonda au kaburi. Ukiwa na mtoto, shemeji au rafiki anayekaa kule na kuchukua silaha, usimwulize alinunua bastola gani. Mwulize anaivaa ndani ya nini. Akijibu «ndani ya suruali tu», umsomee ukurasa huu leo hii, usingoje kesho.