Kabini Iliyo Nyumba: Marekebisho Madogo Yanayolinda Afya ya Dereva wa Lori

Barabara kuu iunganishayo Moshi na Arusha hupita Bomang'ombe, makao makuu ya Wilaya ya Hai. Usiku malori huegeshwa kandokando yake, na dereva na utingo wake hulala humo humo. Kwao kabini ni chumba cha kulala na kabati la dawa kwa majuma kadhaa. Makao hayo yaweza kuboreshwa kwa gharama ndogo, lakini ipo hatari moja ya kutangulizwa mbele ya mengine yote.

Hewa na moto

Kati ya Juni na Agosti, baridi ya miteremko ya Kilimanjaro humshawishi mtu kuingiza jiko la mkaa ndani na kufunga vioo. Mkaa uwakao hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hushikamana na himoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 au zaidi, hata ubongo na moyo vikakosa oksijeni. Aliyelala aweza kufa pasipo kuamka. Makaa yaliyofunikwa na majivu bado huitoa, na kufungua kioo kidogo hakutoshi. Kwa hiyo jiko lolote libaki nje, na injini izimwe wakati wa kulala. Joto litafutwe kwa blanketi la pili, soksi, na maboksi makavu yaliyotandazwa chini ya godoro.

Wavu wa dirisha

Kioo kilichofunguliwa huingiza hewa, na mbu pia. Wavu ukatwe kuzidi dirisha kwa sentimita 5 kila upande, ushonewe sumaku ndogo kwenye pindo, kisha ubandikwe kwenye fremu ya chuma ya mlango. Alalaye Hai leo huenda kesho akalala Tanga, penye joto na mbu wengi zaidi. Hivyo chandarua chenye dawa kisafiri naye.

Maji na dawa

Dumu la lita 5 lililotobolewa tundu dogo na kuning'inizwa nje ya lori huwa kibuyu chirizi. Sabuni ifungwe kwa kamba pembeni yake. Dawa za shinikizo la damu au kisukari zisiachwe juu ya dashibodi, kwani jua hupitia kioo na kuziunguza. Insulini inayotumika ihifadhiwe ndani ya chungu kilichozungushiwa kitambaa chenye maji, kivulini penye upepo.

Kwa wahudumu wa afya

Dereva aamkaye na maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kutapika bila homa aulizwe alilala wapi, kiliwashwa nini, na kama mwenzake naye anaumwa. Kipimo cha malaria kifanywe, lakini kisicheleweshe tiba. Kipima oksijeni cha kidoleni chaweza kuonyesha kiwango cha kawaida ilhali mgonjwa yumo hatarini. Apewe mara moja oksijeni nyingi kwa barakoa: muda wa gesi hiyo kupungua kwa nusu mwilini hushuka kutoka saa 4 hadi 5 kufikia saa 1 hivi. Aliyepoteza fahamu, mwenye maumivu ya kifua au mjamzito apelekwe hospitali ya rufaa ya KCMC huku oksijeni ikiendelea.