Tukuyu: Mji wa Mvua na Habari Zisizoandikwa

Msafiri atokaye Uyole kuelekea mpaka wa Malawi hupanda kwanza hadi penye ukungu na baridi kali, kisha huteremka katikati ya migomba na mashamba ya chai mpaka Tukuyu, makao makuu ya Wilaya ya Rungwe. Mji umekaa kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, chini ya Mlima Rungwe unaokaribia mita 3,000. Mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Mgeni wa kutoka Dodoma hustaajabu kuona kanzu iliyoanikwa siku ya tatu bado ni mbichi.

Rutuba ya ardhi hii ni zawadi ya volkano. Ziwa Ngozi na Ziwa Masoko yamejaa katika mashimo ya milipuko ya kale. Kuhusu mlima Kyejo, wazee wamepokezana habari kwamba ulitoa moto na mawe yaliyoyeyuka, na wanajiolojia wameikubali kauli hiyo wakaikadiria karibu na mwaka 1800. Kadhalika kipunji: wenyeji walimtaja tumbili huyo kwa jina, lakini watafiti wakashuku kuwa ni ngano, hadi walipomwona wenyewe katika msitu wa Rungwe mwaka 2003. Dunia ilitangaziwa habari zake mwaka 2005.

Nimeyataja mawili haya kwa makusudi, kwani kauli ya mzee ni ushahidi, ila humalizika naye akifariki.

Wamoravian walifika chini ya Mlima Rungwe mwaka 1891, wakaandika barua na kumbukumbu zao. Wajerumani walianza na kituo cha Langenburg ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kisha wakahamishia utawala huku milimani na kuuita mji Neu Langenburg, yaani Langenburg Mpya. Mei 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey yaliuteka, na baada ya vita ukajulikana kwa jina la Tukuyu. Dhahabu ya Lupa ilipoikuza Mbeya kuanzia miaka ya 1920, mji wetu ukabaki nyuma.

Hayo yote yamo vitabuni. Lakini Waislamu waliotutangulia hapa walikuwa nani? Twajua kwamba wafanyabiashara wa pwani walifika kaskazini mwa Ziwa Nyasa kabla ya wakoloni. Mlozi wa Karonga, aliyenyongwa mwaka 1895, ndiye anayetajwa zaidi, tena kwa kalamu ya waliomshinda. Twajua pia kuwa askari wengi wa Kijerumani walikuwa Waislamu, Wasudani na watu wa pwani. Ila ni nani aliyeadhini kwanza katika mji huu, na nani alifundisha watoto alifu kwa ujiti, hayo hayamo katika kitabu chochote nilichokisoma.

Hata daftari la kamati yetu linaanza na michango ya mabati, bila kumtaja aliyetoa kiwanja kuwa wakfu. Yuko mzee mmoja anayekumbuka. Masikio yamepungua nguvu, lakini akiulizwa taratibu baada ya Alasiri huwataja watu wa safu ya kwanza mmoja mmoja. Vijana wawili wa madrasa humwendea kila Jumamosi na kalamu. Mpaka juma lililopita walikuwa wamemfikia mwalimu wa tatu.